Siku ya mafungo ya Majilio Malindi: tathmini ya mshiriki

Nyumba ndogo ya mafungo inayotunzwa na masista, nje kidogo ya mji wa Malindi, huwapokea waamini Jumamosi ya kuamkia Dominika ya kwanza ya Majilio, kipindi cha kungojea Krismasi, kabla shamrashamra za Krismasi hazijatuteka. Nilihudhuria tarehe 29 Novemba 2025. Mchango ulikuwa shilingi 1,000 pamoja na uji wa asubuhi na chakula cha mchana, na kutoka mjini nilifika kwa tuktuk kwa muda usiozidi robo saa. Nimeshiriki mafungo mengi, lakini ni haya yaliyonifundisha kungoja, kwa kuningojesha hasa.

Simu huwekwa kikapuni mlangoni, na kimya huanza papo hapo. Padre aliyetuongoza alikuwa amezipanga tafakari zake tatu kwa kufuata masomo ya Dominika zilizokuwa mbele yetu, kwa kuwa Kanisa lilikuwa linaingia Mwaka A, wa kwanza katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa: Yohane Mbatizaji jangwani kwa unyenyekevu, mkulima wa Barua ya Yakobo kwa uvumilivu, na Yosefu mchumba wa Maria kwa kumtumainia Mungu. Naupongeza mpango huu kwa moyo wote, kwa sababu mafungo hayakuishia langoni. Kila Dominika iliyofuata nililikuta somo ambalo nilikwisha kulisali, nikalisikia kama mtu anayeitwa kwa jina lake.

Tafakari ya unyenyekevu ilikuwa fupi. Padre alitukumbusha kwamba Yohane, aliyefuatwa na watu wa Yerusalemu na Uyahudi wote, alijiona hastahili hata kuvichukua viatu vya yule ajaye nyuma yake, kisha akatutaka kila mmoja aandike jambo moja analolifanya parokiani ili aonekane. Karatasi hizo hazikukusanywa wala kusomwa na mtu. Ile yangu ningali nayo ndani ya Biblia.

Uvumilivu ndio uliopewa muda, na ndipo siku yenyewe ilipopata uzito wake. Yakobo anamtaja mkulima anayengoja mazao ya thamani ya nchi mpaka yapate mvua za kwanza na za mwisho, na wengi kati yetu walikuwa wakulima wa kweli, watu wanaojua maana ya vuli kuchelewa baada ya mbegu kwisha kufukiwa. Padre hakuwaeleza wanachokijua. Aliwauliza wanafanya nini wakati wa kungoja, nao wakajibu kwamba wanapalilia, wanafukuza ngedere, wanatazama mawingu. Hapo niliuelewa uvumilivu wa Majilio kuliko nilivyouelewa katika mahubiri ya miaka mingi: anayengoja amekwisha kupanda, na mikono yake ina kazi, ila mvua si yake.

Aliongeza mfano wa bahari, ambao kwa watu wa Pwani haukuhitaji maelezo marefu. Mmisionari Mtakatifu Fransisko Ksaveri, ambaye sikukuu yake ya tarehe 3 Desemba huangukia ndani ya Majilio, aliondoka Lisbon mwezi wa Aprili 1541, akalazimika kukaa miezi kadhaa Msumbiji, akapita hapa Malindi mwaka 1542, na kufika Goa, India, mwezi wa Mei mwaka huohuo. Ni zaidi ya mwaka mzima njiani, katika siku ambazo jahazi lilikwenda kwa idhini ya pepo za msimu, na wakati huo wote alikuwa akiwahudumia wagonjwa waliokuwa karibu naye.

Sasa nieleze upungufu, kwa kuwa upo. Muungamishi alikuwa mmoja kwa watu zaidi ya thelathini. Nilikaa kwenye foleni ya kitubio tangu saa nne asubuhi hadi karibu saa saba mchana, na moyo wangu ukaanza kuchemka. Nikahesabu walio mbele yangu, nikapima muda wa kila mmoja, nikawahukumu waliokawia ndani. Mama mmoja mzee aliyeketi kando yangu aliniona, akaninong’oneza: “Mwanangu, tulia. Hapa si ghala la unga. Anayekuja mwisho hakosi.” Niliona haya, lakini nilishukuru. Nilipopiga magoti hatimaye, ungamo langu lilianza na hasira ile ya foleni, jambo ambalo halikuwamo katika orodha niliyoiandaa nyumbani.

Hata hivyo, neema niliyoipata hainizuii kusema kwamba muungamishi wa pili anahitajika, kwa sababu kuchelewa huko kuliila tafakari ya tatu. Yosefu alipewa dakika ishirini tu, baada ya chakula, wakati wengine walikwisha kuelemewa na joto. Inasikitisha, kwa maana yaliyosemwa katika dakika hizo yalikuwa na kina: kwamba katika Injili ya Mathayo Yosefu hatamki neno hata moja, bali huamka usingizini na kutenda alivyoagizwa, na kwamba Yohane akiwa gerezani alituma wanafunzi wake kumwuliza Yesu kama ndiye yule ajaye, hivyo kumtumainia Mungu hakumnyimi mtu nafasi ya kuuliza. Laiti tungekaa na maneno hayo saa nzima.

Chakula kilikuwa wali wa nazi, maharagwe na maembe, vyote vizuri.

Siku ilifungwa kwa Masifu ya Jioni, sala ya Kanisa ya wakati wa jua kuchwa, ambayo ndiyo huufungua mwaka mpya wa Kanisa. Masista walikuwa wamesuka shada la Majilio kwa majani ya mwarobaini, mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi, na wa kwanza uliwashwa jua likizama. Tuliimba taratibu, bila kinanda, na mama yule mzee alikuwa miongoni mwa walioshika sauti.

Washiriki huandikishwa parokiani, na safari hii nafasi zilijaa kabla ya katikati ya Novemba. Anayekusudia kwenda achukue Biblia yake, kwa kuwa zilizopo hazitoshi, awahi foleni ya kitubio, na asimwagize dereva wa tuktuk kabla ya saa moja usiku, maana waliotoka mapema waliukosa mshumaa ule.