Picha za kabuki kwenye duka la fremu Bagamoyo: ipi ununue, ipi uache

Ukuta mzima wa duka hili la Mji Mkongwe umejaa picha za waigizaji wa kabuki, tamthilia ya jadi ya Japani: macho ya makengeza, midomo iliyopinda, vidole vimetanuka. (Hata wanaoonekana wanawake ni wanaume.) Nyingi ni nakala za kazi za Sharaku, msanii aliyechora Edo, Tokyo ya leo, kwa miezi kama kumi tu kati ya 1794 na 1795, kisha asisikike tena.

Kibao kinadai zote ni chapa za mbao, yaani zimepigwa kwa mkono kutoka ubao uliochongwa. Si kweli. Muuzaji ana lenzi, iombe. Ukiona vitone vya rangi vimejipanga, hiyo ni kazi ya mashine. Ubao hulaza rangi bapa, pengine na mistari ya mti wenyewe. Geuza karatasi: rangi ya maji iliyosuguliwa kwa baren, kisuguo cha mkono cha mchapaji, huzama hadi ikaonekana nyuma, wakati ya mashine nyuma ni nyeupe pee. Halafu iinamishe dirishani. Vichwa vikubwa vya Sharaku vya 1794 vina mandhari ya nyuma ya unga wa ulanga (madini ya mica), unaometa. Kwenye nakala ya mashine utakuta kijivu kilichokufa. Pima pia: oban, saizi ya karatasi ya chapa hizi, ni kama sm 39 kwa 26, kwa hiyo picha inayozidi hapo sana imekuzwa. Rangi kuvuka kidogo mstari mweusi isikutishe. Kila rangi ina ubao wake, na karatasi ikiteleza kwenye kento, alama za ubaoni za kuilinganisha, matokeo ndiyo hayo.

Fremu za mninga ni safi, kona zimekaza. Tatizo liko ndani: fundi anabandika picha kwa selotepu na kuilaza moja kwa moja kwenye kioo. Kwa unyevu wa pwani, karatasi itagandia kioo na kuota ukungu, na gundi ya selotepu itaacha madoa ya kahawia yasiyotoka. Mwambie aweke paspatu, ukingo wa kadibodi isiyo na asidi kuzunguka picha, ili kioo kisiiguse, na ashikize juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba na gundi ya wanga wa ngano. Chini pabaki huru, karatasi ipate kutanuka. Anakubali, ila umwambie kabla hajaanza.

Ya mashine ilipie bei ya bango. Za mbao hasa ziko droo ya chini, hazitundikwi. Nawa mikono kabla ya kuzishika.