Axio, Premio na Magoti ya Mama Yangu

Miezi michache iliyopita nilinunua Toyota Axio katika yadi moja ya magari hapa Mwanza, na tangu siku hiyo sijapanda gari hilo bila kumkumbuka kijana aliyeniuzia, kwa sababu aliniuzia nafasi ambayo haikuwamo. Habari za injini na ulaji wa mafuta kila mtu anazijua, nami sitazigusa. Ninaandika kuhusu kiti cha nyuma.

Mama yangu anasumbuliwa na magoti. Mara humpeleka kliniki Bugando, mara nyumbani kwetu upande wa Geita, na nafasi yake katika gari ni nyuma yangu mimi dereva, kwa kuwa upande wa kushoto hukaa watoto ili washukie pembeni mwa barabara. Mimi ni mrefu. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: nikikaa kwenye usukani jinsi ninavyokaa siku zote, mama yangu atabakiwa na nini huku nyuma?

Pale yadi palikuwa na magari matatu yamepangwa ubavu kwa ubavu: Axio, Premio na Nissan Bluebird Sylphy. Niliingia nyuma ya kila moja na kupima kwa ngumi pengo lililo kati ya goti langu na mgongo wa kiti cha mbele. Premio lilinipa ngumi mbili, Sylphy likanipa mbili na ushei, na Axio, ambalo bei yake ilikuwa chini kwa milioni kadhaa, likanipa ngumi mbili kamili. Nilifurahi kama mtu aliyeokota. Ningetazama mbele ningeona kwamba viti vya Axio vilikuwa vimesukumwa hadi mwisho wa reli zake na migongo yake kusimamishwa wima, kana kwamba dereva wake angeendesha akiwa amekumbatia usukani, ilhali vya yale mengine mawili vilikuwa mahali pake pa kawaida. Umbali wa kati ya tairi za mbele na za nyuma katika Premio unauzidi ule wa Axio kwa sentimita 10, na sentimita hizo kumi haziwezi kupotea. Mtu alizificha chini ya dashibodi.

Mama alikuwapo. Yule kijana hakumwamkia, na kwetu sisi hilo peke yake lingetosha kunifanya niondoke. Mama akasema kwa upole, "Mwanangu, naomba nikae hapo nyuma, na huyu kaka yako akae mbele, tuone." Kijana akamjibu bila kuinua macho kwenye simu, "Bibi, hapa watu wananunua, hawapumziki. Utakaa mkifika nyumbani." Mama alinyamaza, akaushika mkoba wake kwa mikono miwili, akasogea kivulini. Nami nilinyamaza, kwa kuwa nilishakwisha kuhesabu ngumi zangu na kuridhika. Jambo aliloliomba mama ndicho kipimo pekee cha kweli cha gari la aina hii, na ndicho alichonyimwa.

Safari ya kwanza ilikuwa ya Geita. Zamani njia hiyo ilikuwa na pumziko lake, maana pale Kigongo abiria walishuka, wakanyoosha miguu wakisubiri kivuko, kisha wakavuka kwa miguu yao hadi ndani ya chombo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, zile takriban kilomita 3 za maji unazipita kwa dakika chache bila kushuka, jambo ambalo ni neema kubwa kwa kila mtu isipokuwa mgonjwa wa magoti aliyeketishwa vibaya. Buhongwa tulipita tukizungumza. Usagara mama alikuwa kimya. Tulipokaribia Sengerema, baada ya matuta yasiyohesabika, nilihisi magoti yake mgongoni mwangu kupitia kitambaa cha kiti, na hapo ndipo aliponiomba nisimame. Alishuka akiwa ameshikilia mlango, akashindwa kunyoosha mguu wa kulia, akabaki ameinama pembeni mwa barabara huku watoto wakimtazama. Hakulalamika. Alisema tu, "Pole pole, utanyooka."

Baadaye fundi wa viti mmoja wa Kirumba alinifafanulia mengine. Katika sedani, yaani gari lenye buti iliyojitenga nyuma kama haya matatu, paa hushuka kuelekea buti, na ili kichwa cha abiria wa nyuma kisigonge dari, kiti chake huwekwa chini. Kiti kikiwa chini, magoti hupanda juu, mapaja huachana na sponji, na uzito wote wa mwili hubaki juu ya makalio. Juu ya hilo, yule muuzaji alikuwa ameongeza kava nene za plastiki mfano wa ngozi, zenye sponji yake ndani, zilizomeza vidole viwili zaidi vya nafasi na ambazo jua la mchana la Mwanza huzigeuza kikaango. Tulipozivua tulikuta chini yake kitambaa cha awali kizima kabisa, laini, kisicho na hata doa. Sikuelewa kwa nini kifichwe.

Kwa hiyo Axio ni gari baya? Nilipoanza kuandika ningesema ndiyo. Lakini lazima niseme haki: kiti cha dereva cha gari hili, baada ya kuvuliwa lile kava, ni miongoni mwa viti vilivyonikaa vizuri kuliko vyote nilivyowahi kukalia, na dereva wa kimo cha wastani anaweza kabisa kubeba mtu mzima nyuma yake bila kumwonea. Gari halikumdanganya mtu. Wala Premio si kitanda. Niliazima la shemeji yangu kwa safari iliyofuata, nikalaza kidogo mgongo wa kiti cha nyuma, na mama alilala usingizi kuanzia Busisi. Lakini watu wazima watatu nyuma yake hubanana mabega vilevile, kwa sababu mengi ya magari haya yaliumbwa yasivuke mita 1.7 za upana, kikomo cha daraja la magari madogo huko Japani. Ukitaka nafasi ya magoti, chukua Premio au Sylphy. Ukitaka ya mabega, hakuna tofauti ya maana. Axio ningelipendekeza kwa familia changa, na nadhani bado ninalipendekeza, lakini si kutoka kwenye yadi ile, hata kama wangelitoa bure.

Nilirudi pale mara moja kulalamika, nikaambiwa, "Si ulikagua mwenyewe?" Siku hizi mama hukaa mbele, na mke wangu, ambaye ni mfupi kuliko mimi, hukaa nyuma yangu akiwa amegeuza miguu pembeni.

Juzi nilipita pale kwa miguu. Palikuwa na Axio jingine, jeupe, na baba mmoja alikuwa ameketi nyuma akitabasamu, mkewe amesimama nje na mtoto mgongoni. Viti vya mbele vilikuwa vimekaribia kugusa dashibodi. Nilivuka barabara, nikawasalimu, nikaomba radhi, nikaingia kwenye kiti cha dereva na kukirudisha nyuma hadi mahali miguu yangu inapofika vizuri kwenye breki. Kijana alikuwa anakuja akipiga kelele. Nilimwomba yule baba amkaribishe mkewe akae nyuma yangu na mtoto wake, kisha afunge mlango.