Usilipie kumtafuta ndugu aliyekamatwa: tovuti ninazozitumia hapa Louisville

Naanza na hukumu, maana najua wengine mnasoma hapa kwa haraka huku mama wa watu amekaa pembeni analia. Orodha ya jela ya kaunti, ile ya bure, ndiyo bora kuliko zote. Tovuti zinazojitokeza juu kabisa ukiandika jina la mtu kwenye Google, zenye mstari wa kijani unaojaa polepole na maneno ya "tunapekua kumbukumbu za mahakama", sizipi hata nusu nyota.

Naishi Louisville, Kentucky, upande wa Preston Highway, na usiku nafanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege. Kiingereza nilikisomea Nyarugusu, kambi ya wakimbizi ya Tanzania, kabla hatujaja, basi kanisani kwetu mtoto asiporudi nyumbani simu inayolia ni yangu. "Papa Neema, polisi wamemchukua, hatujui wamempeleka wapi." Ndiyo maana tovuti hizi nimezizoea, wala si kwa kupenda.

Kabla ya kuandika jina popote, uliza amekamatiwa wapi hasa. Marekani haina daftari moja la nchi nzima la watu waliokamatwa jana usiku. Kila kaunti ina jela yake na orodha yake, na Kentucky peke yake ina kaunti 120. Sisi wa Louisville tuko Jefferson County. Ila vijana wetu wengi wanafanya kazi kwenye maghala ya Jeffersonville, ng'ambo tu ya mto Ohio, na ukishavuka daraja uko Clark County, jimbo la Indiana: jela nyingine, mahakama nyingine, sheria nyingine. Nimekuta familia inasema mtoto kapotea, kumbe wamekesha wakimtafuta katika jimbo ambalo siku hiyo hakulikanyaga.

Sasa orodha yenyewe. Unaingia tovuti ya jela ya kaunti, unaandika jina, na mara nyingi unapata tarehe aliyoingizwa, makosa anayodaiwa na kiasi cha dhamana. Hulipi kitu, wala huulizwi wewe ni nani kwake. Kasoro yake ni muda. Mtu akifikishwa jela anachukuliwa alama za vidole, anapigwa picha, anaulizwa maswali ya afya, na saa kadhaa zinaweza kupita kabla jina halijapanda. Kuna jela moja ya kaunti jirani ambayo orodha yake ilituonyesha "hakuna aliyepatikana" tangu usiku mpaka asubuhi, na kijana alikuwa ndani muda wote huo. Tulimpata kwa kupiga simu mapokezi. Kwa hiyo usikate tamaa saa za mwanzo, na usichukulie kutoonekana kuwa ni kuachiwa. Kuonekana nako si kuhukumiwa: yale ni madai ya polisi, jaji hajasema neno.

Kinachotusumbua sisi kuliko wengine ni majina. Mama mmoja alikaa mezani kwangu jikoni na kadi ya mwanae mkononi. Jina la nyumbani ni Amani, la ukoo ni Byamungu, na kati kuna la ubatizo. Nikaandika Byamungu sehemu ya jina la ukoo: hakuna. Nikageuza, nikaandika Amani kama ndilo la ukoo: hakuna. Nikafuta yote, nikaandika herufi tatu tu, B-Y-A, nikaacha jina la kwanza wazi. Wakatokea wachache, na mmoja wao ameandikwa "Byamongu". Mama akasema si yeye, mwanangu si Byamongu. Nikamwonyesha umri, akanyamaza. Afisa alikuwa ameandika alivyosikia. Basi shika hili: andika herufi chache za mwanzo, jaribu majina yote matatu kwa zamu, jaribu L mahali pa R, na usiukatae ukurasa kwa sababu ya herufi moja. Tarehe ya kuzaliwa pia haitusaidii sana, kwa sababu wengi wetu tuliotoka kambini karatasi zinasema tulizaliwa tarehe 1 Januari. Majina mawili yanayofanana yakiwa na 1/1, angalia mwaka, halafu angalia tarehe ya kuingizwa.

VINE, huduma ya kukuarifu mfungwa anapotoka, naipa nyota nne na nusu, na ina asili hapahapa. Desemba 1993 binti wa hapa Louisville, Mary Byron, aliuawa na aliyekuwa mpenzi wake, ambaye alikuwa ametolewa jela bila binti wala familia yake kuambiwa. Mwaka uliofuata kaunti ikaanzisha mtambo wa kuwapigia simu watu mfungwa anapotoka, na leo unatumika karibu Marekani nzima. Uliwekwa kwa ajili ya walioumizwa, na dada zetu wanaoishi na wanaume wa ngumi wanapaswa kuujua kabla ya kitu kingine chochote. Hata hivyo mzazi naye anaweza kujiandikisha. Unamtafuta mtu, unaacha namba ya simu, barua pepe au vyote, na akihamishwa au akiachiwa unaarifiwa. Ukijiandikisha kwa simu unachagua namba ya siri ya tarakimu nne, na usipoiingiza mtambo utarudia kukupigia. Waambieni wazee wasiukatie wakidhani ni matangazo.

Siku inayofuata kazi inahamia mahakamani, na hapo watu hupotea njia. Mahakama za Kentucky zina utafutaji wa bure kwa jina na kaunti, unaitwa CourtNet, na upande mwingine zinaweka orodha ya kesi za kila siku kwa kila kaunti. Hupati karatasi zote kama wanavyopata mawakili, lakini tarehe ya kufika na chumba cha mahakama unavipata, na kwa familia hivyo ndivyo vinavyotafutwa. Jifunze kuisoma namba ya kesi. Tarakimu mbili za kwanza ni mwaka. T katikati ni kesi ya barabarani, M ni kosa dogo, F ni kosa kubwa likiwa bado mahakama ya District, ile ya chini. Kosa kubwa haliishii pale. Jopo la raia likiamua mtu ashtakiwe, kesi inapanda mahakama ya Circuit na kupewa namba mpya kabisa yenye CR. Mzee mmoja alikuwa akifuatilia namba ya F ya mwanae, akaona kesi imefungwa, akashukuru Mungu mbele ya kanisa zima. Haikuwa imefutwa. Ilikuwa imepanda juu. Ukiona F imefungwa, tafuta tena kwa jina katika Circuit kabla ya kuchinja mbuzi.

Wenzetu wa Indiana wamependelewa kwa hili. Tovuti yao, mycase, ni ya jimbo zima, ni bure, na kesi nyingi unaweza kufungua mpaka karatasi zenyewe. Nyota tano bila ubishi.

Aliyekwishahukumiwa kifungo cha jimbo anatafutwa KOOL, daftari la mtandaoni la idara ya magereza ya Kentucky. Usishangae ukiambiwa mfungwa wa jimbo yuko jela ya kaunti fulani ya mashambani, kwa sababu Kentucky huwaacha wengi wa makosa ya daraja D, lile la chini kabisa kati ya makosa makubwa, watumikie vifungo vyao kwenye jela za kaunti. Ndivyo kijana wa Louisville anavyojikuta mwendo wa saa tatu kutoka kwa mama yake.

Halafu kuna uhamiaji, na hapa naomba utulivu. Mtu asiye raia akitoweka ghafla kwenye orodha ya kaunti na hajafika nyumbani, angalia daftari la ICE, askari wa uhamiaji, la kutafuta walioshikiliwa. Lina njia mbili: namba ya A, yaani namba ya uhamiaji iliyo kwenye kadi yake, pamoja na nchi ya kuzaliwa, au jina kamili pamoja na nchi ya kuzaliwa. Huku hakuna kuandika herufi tatu. Jina lazima lifanane na walivyoliandika wao, kwa hiyo namba ya A, ile ya tarakimu tisa, ndiyo ya kuaminika. Piga picha kadi ya kila mtu nyumbani leo, uiweke pahali. Na nchi ya kuzaliwa si kabila wala taifa la baba. Sisi tunasema watoto wetu ni Wakongo, na ni kweli, lakini aliyezaliwa Nyarugusu karatasi zake zinaweza kusema Tanzania. Ukichagua Kongo, daftari litakujibu hayupo. Wa chini ya miaka 18 hawaonyeshwi kabisa.

Nirudi kwa wale wa kulipia. Binti wa jirani yangu alifungua moja usiku, sitaitaja. Ikampitisha maswali mengi, je, ana tatuu, je, ni ndugu yako, huku ikimtisha kwamba atakayoyaona yanaweza kumshtua. Mwisho ikaomba kadi ya benki kwa dola moja ya majaribio. Alichopewa ni anwani za zamani za kaka yake, majina ya watu aliowahi kukaa nao, na tiketi ya mwendo kasi. Kuhusu jela ya usiku ule, hakuna. Mwezi uliofuata kadi ikakatwa ada kamili, na kujitoa kulihitaji kupiga simu. Wala si hisia zangu tu. Mwaka 2023 tume ya serikali inayolinda wanunuzi, FTC, iliitoza TruthFinder na Instant Checkmate dola milioni 5.8, na moja ya mambo iliyoyalalamikia ni kuwafanya watu waamini fulani ana rekodi ya uhalifu kumbe ni tiketi ya barabarani. Ukisoma maandishi madogo chini ya tovuti za aina hii, mara nyingi zenyewe zinakataza ripoti zao zisitumike kumpima mtu wa kazi au mpangaji. Halafu mwenye nyumba anakuja na karatasi hiyohiyo kukunyima chumba. Akifanya hivyo, mwombe namba ya kesi, kisha mfungulie ukurasa wa mahakama mbele yake.

Uwazi huu una ubaya wake. Orodha ya jela inasomwa na matapeli pia. Wanachukua jina, wanatafuta simu ya familia, wanajifanya sherifu au wakala wa dhamana, yaani mfanyabiashara anayewadhamini watu kwa ada, wanataka pesa kwa Cash App au kadi za zawadi za dukani. Kwa Kentucky jibu ni fupi: biashara ya mawakala wa dhamana ilipigwa marufuku hapa mwaka 1976. Anayejiita wakala na kukuomba asilimia kumi ya dhamana kama ada yake kwa kesi ya Louisville ni mwongo hata kama anajua makosa yote ya mwanao kwa mpangilio. Indiana mawakala wapo kihalali, kwa hiyo huko uliza jina la ofisi na uende mwenyewe.

Hapa dhamana inalipwa kwa karani wa mahakama. Jaji akikubali ulipe asilimia kumi tu ya dhamana, hata hiyo inakwenda kwa karani. Nenda Hall of Justice, jengo la mahakama mtaa wa Jefferson, na kitambulisho, na uhakikishe risiti inaandikwa jina la mwenye pesa, si la mtu aliyekusindikiza kwa sababu anajua Kiingereza. Pesa ikirudi, inarudi kwa jina lililo kwenye risiti.