Kioo Gani kwa Nyumba Gani: Kununua Runinga Lamu na Malindi

Shangazi yangu wa Mkomani, Lamu, alinunuliwa runinga ya inchi 43 na wanawe. Msana wake, yaani ukumbi wa ndani, ni kama misana yote ya nyumba za kale za mawe: mrefu na mwembamba, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki upana mkubwa. Ni mita mbili na nusu hivi, ikizidi sana tatu. Runinga ikawekwa katikati ya ukuta mrefu, na usiku wa kwanza tukakusanyika kutazama mpira. Waliokaa katikati walisifu. Shangazi alikuwa kitandani kwake mwisho wa msana, akaniita: "Mwanangu, hebu njoo ukae hapa nilipo mimi. Mbona naona ukungu?"

Nikakaa. Alisema kweli. Weusi ulikuwa kijivu, na jezi nyekundu zilikuwa kama zimefuliwa mara mia na kuanikwa juani.

Runinga haikuwa mbovu. Kioo chake kilikuwa cha aina inayotaka mtazamaji akae mbele yake, na dukani hakuna aliyewauliza vijana wale watu huketi vipi nyumbani. Walitajiwa inchi, wakatajiwa herufi, wakalipa. Mimi ni fundi, meza yangu iko Malindi, na runinga nyingi zinazoletwa kwangu zilikosewa siku ya kununuliwa. Kwa hiyo naanza na chumba, kisha ndipo nipange aina kwa daraja.

Vioo vya leo ni familia mbili

Ukiyaacha majina ya matangazo, karibu vioo vyote vya madukani ni vya familia mbili. Ya kwanza ni LCD. Kioo chake hakina nuru yake chenyewe. Ni mfano wa pazia lenye vijidirisha vinavyofunguka na kufumba, na nyuma yake kuna taa. Zamani taa hizo zilikuwa mirija ya fluoresenti. Siku hizi ni LED, ndiyo maana dukani huitwa "TV ya LED", lakini kioo ni LCD ileile. QLED na Mini-LED nazo ni watoto wa familia hii. Familia ya pili ni OLED, ambayo kila nukta ya picha huwaka na kuzimika peke yake, bila taa nyuma.

Ndani ya LCD kuna mgawanyiko ambao muuzaji hautaji, nao ndio uliomsumbua shangazi. Kuna kioo cha VA na kioo cha IPS. VA hufumba vizuri: weusi wake ni mzito, na tofauti kati ya nuru na giza hufika 3000 kwa 1 na zaidi. Lakini ukikaa ubavuni, rangi hupauka. IPS hufumba kwa ulegevu, kiasi cha 1000 kwa 1, kwa hiyo chumba kikiwa giza weusi wake huonekana kijivu. Ila aliye pembeni huona karibu sawa na aliye mbele.

Katoni mara nyingi haisemi ni kipi. Ijaribu mwenyewe. Omba picha yenye sura za watu na mahali peusi, kisha tembea hadi ubavuni mwa runinga ukiwa umeikazia macho. Halafu chuchumaa. Watoto wetu hutazama wakiwa wamekaa mkekani, na runinga hutundikwa juu, kwa hiyo wao huona kutoka chini. Kama rangi zinakimbia unaposogea, hiyo ni VA. Mwambie pia muuzaji aitoe runinga kwenye hali ya duka, ambayo huchochea mwanga na rangi kupita kiasi. Picha utakayoishi nayo ni ile ya hali ya kawaida.

Kwa msana wa Lamu wenye runinga kwenye ukuta mrefu, tafuta IPS. Ukiweza kuihamishia runinga ukuta mfupi, mwisho wa chumba, kila mtu atakuwa anaitazama kwa mbele na VA itatosha. Hivyo ndivyo tulivyofanya kwa shangazi, bila kununua chochote. Lakini kumbuka umbali utaongezeka, na inchi 43 kwa mtu aliye mita tano ni ndogo.

Ya kwanza: LED ya kawaida, taa zikiwa mgongoni

Naipa nafasi ya kwanza, na si kwa sababu ya picha. OLED huishinda kwa picha, tena waziwazi. Naipa kwa sababu ikiharibika, fundi wa hapahapa ataifufua.

Ugonjwa ninaoukuta zaidi mezani ni huu: sauti ipo, picha hakuna. Washa tochi ya simu gizani, isogeze karibu na kioo. Ukiona kivuli cha picha kikitembea, kioo ni kizima. Kilichokufa ni taa za nyuma. Taa hizo hupangwa kwenye vijiti na kuunganishwa kwa mfululizo, hivyo moja ikikatika, mstari mzima huzimika. Vijiti vipya hupatikana Mombasa, na kazi huisha kwa siku moja. Kioo kikipasuka, hapo pole, maana bei ya kioo hukaribia bei ya runinga nzima.

Taa hizo huuawa na joto. Siku ya kwanza ingia kwenye mpangilio wa picha, teremsha mwanga wa taa za nyuma kutoka 100 hadi 60 au 70. Jicho litazoea kwa siku mbili na taa zitaishi miaka mingi zaidi. Hilo ni jambo la bure, na laiti kila mnunuzi angelifanya.

Uliza kama taa ziko mgongoni au ukingoni. Za ukingoni hufanya runinga iwe nyembamba na ya kupendeza, lakini joto lote hukusanyika upande mmoja, na kwa hewa yetu ya Januari huo ni mzigo. Runinga yenye unene kidogo ndiyo ninayoipenda.

Kuhusu 4K: ni nukta 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni nane. Vituo vyetu vya bure havirushi kiwango hicho, kwa hiyo kwa inchi 32 usilipie. Ukifika inchi 43 na kuendelea, na nyumbani kuna intaneti, inafaa. Inchi 32 za kawaida bado zinapatikana chini ya shilingi 20,000, na kwa chumba cha kulala au nyumba ya sola hizo zatosha, maana hula wati 30 hadi 60 tu.

Ya pili: QLED

Q hiyo ni ya "quantum dot", chembe ndogo mno zinazogeuza nuru ya buluu ya taa kuwa nyekundu na kijani safi. Rangi hutegemea ukubwa wa chembe. Ugunduzi wake uliwapa Bawendi, Brus na Ekimov tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023. Samsung ililitia jina hili mitaani mwaka 2017, na leo TCL, Hisense na wengine wanalitumia.

Rangi zake kweli ni bora. Kijani cha uwanja hukaa kijani hata mwanga ukiwa mkali. Lakini vioo vingi vya QLED za bei ya wastani ni VA, kwa hiyo jaribio la kutembea ubavuni lisiachwe. Kama tofauti ya bei na LED ya kawaida ni ndogo, chukua QLED. Kama ni kubwa, fedha hiyo iongeze kwenye inchi. Na soma katoni polepole: QLED na OLED zinatofautiana kwa kijimkia kimoja, lakini ndani ni vitu viwili visivyo na undugu.

Ya tatu: Mini-LED, kwa sebule za Malindi

Nyumba nyingi za Malindi hazifanani na za Lamu. Madirisha ni mapana, sebule inafunguka barazani, na saa nane mchana nuru ya nje inaingia hadi ukutani. Hapo LED ya kawaida, yenye mwanga wa niti 250 hadi 350 (niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo), hugeuka kioo cha kujitazamia. Unaona pazia lako kuliko mchezaji. Mini-LED, ambayo TCL iliitangulia sokoni mwaka 2019, ina maelfu ya taa ndogo zilizogawanywa kwa kanda zinazowaka na kufifia kila moja peke yake. Nzuri hupita niti 1000 na bado weusi wake ni mzito.

Uliza idadi ya kanda. Zikiwa chache utaona wingu la nuru likizunguka maandishi meupe penye giza. Sababu ya kuiweka ya tatu ni bei, pamoja na taa zake: ni nyingi mno, na fundi wa mtaani hazibadilishi kirahisi.

Ya nne: OLED

Hapa moyo wangu unagawanyika. Hakuna kioo kinachouingia msana wa Lamu kama hiki. Kuta nene zimeleta giza la utulivu, watu wameketi kutoka mwisho hadi mwisho, na OLED huonekana sawa kutoka kila pembe. Weusi wake ni weusi kweli, kwa kuwa nukta imezimika. Mpira ukipigwa hauachi mkia. Teknolojia hii ilitoka maabara ya Kodak mwaka 1987, kwa Ching Tang na Steven Van Slyke, na LG wakaleta runinga kubwa za kwanza sokoni mwaka 2013.

Mbona basi ya nne? Bei kwanza: ya inchi 55 hupita shilingi laki moja kwa mbali. Pili, nukta zake huchakaa. Nyumba inayoacha kituo kimoja cha habari wazi kutwa, na utepe ule wa chini haubadiliki mahali, itaona alama ya utepe imebaki kiooni. Tatu ni jambo ambalo wengi hawaambiwi. OLED hujitengeneza yenyewe usiku: baada ya saa kadhaa za kutazamwa, ukiizima kwa rimoti, hufanya kazi ya kusawazisha nukta kimyakimya. Sisi tumelelewa kuzima soketini, na wazee wetu hawalali mpaka kila swichi imeshuka. OLED ikikatwa umeme kila usiku haipati nafasi hiyo, na alama hubaki mapema. Ukiinunua, waeleze wote nyumbani, kuanzia bibi hadi mtoto. Na kioo chake kikifa, fundi hana la kufanya.

Za kuachana nazo

Plasma. Panasonic iliacha kuitengeneza mwishoni mwa 2013, Samsung na LG wakafuata 2014, lakini bado zinaletwa zikiwa mitumba ya ex-UK na kuuzwa kwa inchi kubwa na bei ndogo. Hula umeme mara mbili au tatu ya LED ya ukubwa huo, ni nzito, na vipuri hamna. Hata LED ya ex-UK ya zamani inahitaji uangalifu: nyingi hazina kipokezi cha DVB-T2, mfumo unaotumika Kenya tangu tuhame kutoka analojia mwaka 2015. Utalazimika kuongeza dikoda.

Chumvi na umeme

Aina yoyote utakayochagua, hewa yetu itaijaribu. Upepo wa kusi huleta unyevu wenye chumvi hadi ndani, na chumvi hiyo hukaa juu ya bodi na kula njia nyembamba za shaba. Nimefungua runinga za miaka miwili kutoka nyumba za ufuoni zikiwa na ukoko wa kijani ndani. Usiiweke ikikabili dirisha la bahari. Usiisukumie ukutani kabisa. Ukuta wa matumbawe hupumua maji, na runinga inahitaji hewa nyuma. Iwashe kila siku hata kama huna cha kutazama, kwa sababu joto lake lenyewe hufukuza unyevu. Nyumba ya wageni iliyofungwa miezi mitatu huua runinga kuliko nyumba yenye watoto saba.

Umeme ukikatika, hatari iko wakati wa kurudi. Nunua gadi ya TV, kile kifaa kinachokaa kati ya soketi na runinga na kuchelewesha umeme mpaka utulie. Kinagharimu sehemu ndogo sana ya bei ya runinga, na bodi nyingi nilizozitupa zingeokolewa nacho.

Kuivusha hadi nyumbani

Kwa anayenunua Mombasa au Malindi kuipeleka Lamu: iwashe dukani dakika ishirini, weka picha nyeupe tupu utafute madoa, kisha nyeusi. Andikisha nambari ya runinga kwenye risiti na waranti. Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa uenyeji wa AFCON 2027, na maduka yatajaa watu wenye haraka. Wewe usikubali katoni iliyofungwa.

Ndani ya basi na ndani ya boti ya kuvuka kutoka Mokowe, katoni isimame wima. Runinga ikilazwa, kioo hubeba uzito wake chenyewe, na wimbi moja latosha kukipasua bila katoni kuonyesha hata mkunjo. Gatini mpe hamali aibebe wima hivyohivyo, wewe ukiwa nyuma yake. Vichochoro ni vyembamba, na punda akikutana nanyi kwenye kona, runinga igeuziwe ukutani kioo kikiwa ndani.

Ukifika, usitoboe plasta ya vidaka, vile vishubaka vya ukutani. Chokaa ya kale haishiki skrubu. Humomonyoka, na kazi ya nakshi ya mababu huondoka nayo. Toboa jiwe lenyewe kwa parafujo ndefu, au iweke juu ya kabati zito. Ya shangazi ipo juu ya kabati, mwisho wa msana, na kitanda chake kimesogezwa mbele kwa hatua tatu.