TAHADHARI: Fundi wa websaiti anaandikisha domeini kwa jina lake halafu anakuuzia tena

Wadau wa Dar, hasa nyie wa biashara ndogo ndogo, someni hii kabla hamjatuma hela ya websaiti kwa mtu. Mimi nauza vitanda na makabati Keko, mwaka juzi nikaelekezwa kijana mmoja Kariakoo, nikamlipa laki nne, makubaliano domeini (yaani lile jina la websaiti watu wanaloandika kuifungua) na kila kitu humo humo. Kazi alifanya vizuri siwezi kudanganya, mpaka nikaichora ile dotcom yangu kwenye milango yote miwili ya kirikuu.

Juzi kati websaiti ikazima. Nampigia ananiambia domeini imeisha muda, nitume milioni moja na nusu airudishe. Nikasema ngoja nilipie mwenyewe, nikawaandikia kampuni ya Marekani alikoinunua, wakanijibu akaunti si yangu, imeili si yangu, hawawezi kunisaidia chochote. Kumbe tangu siku ya kwanza kajiandika yeye ndo mmiliki! Leseni ninayo, jina la biashara nimesajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ila kule anatambulika aliyeandikwa.

Nikaulizia kushtaki. Kwa dotcom kuna utaratibu wa kugombea jina unaitwa UDRP, wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya mtandaoni duniani, upo tangu 1999, kesi unaweza kuipeleka WIPO, shirika la kimataifa la hakimiliki na alama za biashara kule Geneva, ada peke yake inaanzia dola 1,500, na uthibitishe una haki ya alama ya biashara inayofanana na hilo jina, mwenzako hana haki nalo, na kalisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Sasa jina la biashara na alama ya biashara ni usajili tofauti, wengi hatujui, mimi nilikuwa sijui.

Na huyo kijana anajua muda unakimbia. Dotcom ikishafutwa kwa kutolipiwa kuna siku 30 za kuikomboa kwa bei ya juu, zikipita siku 5 zingine inaachiwa yeyote. Ndo maana kila asubuhi voisi, "bosi muda unaisha".

Sijamlipa na silipi. Nimechukua domeini mpya ya co.tz kwa wakala anayetambuliwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ndo wasimamizi wa majina ya .tz ya Tanzania, jina langu, imeili yangu, pasiwedi ninayo mimi.

Kama ushajengewa, mwambie fundi afungue akaunti mbele yako uone pale kwa mmiliki kaandikwa nani, akianza maneno ooh hayo ya kitaalamu usimmalizie hela.

Jina lake siweki hapa, shauri liko polisi. Voisi na miamala yote ninayo, aliyefanyiwa hivi hivi na kijana wa Kariakoo anicheki inbox twende pamoja.