TAHADHARI: "Injinia" anayepita kupanua nyumba za zamani Magomeni na Ilala

Wenye nyumba za zamani, kuweni macho sana. Kuna mtu anapita amevaa rifleksa ya njano, anajiita injinia, ana michoro mizuri kwenye simu. Kupima anapima bure. Anakuahidi kuwa ile nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati ataigeuza iwe na sebule kubwa, jiko la ndani na masta yenye choo chake, na uani ataongeza vyumba vingine. Kisha anataka asilimia 70 ya fedha mkononi kabla hata ya kuleta mchanga, eti vifaa visije vikapanda bei.

Kwa dada yangu alivunja ukuta wa korido bila kusimamisha hata mirunda ya kushikilia paa. Kwenye nyumba zile ukuta huo ndio uliokuwa umebeba kenchi, yaani mbao zinazoshika paa! Paa likabonyea, nyufa zikatembea hadi juu ya lenta (mkanda wa zege juu ya mlango) ya mlango wa mbele. Dada alipouliza, akajibiwa nyumba inajiweka sawa. Na watoto wamelala humo humo.

Nondo ndizo zilizonitoa machozi. Risiti inasema mm 12. Fundi wa mtaa alipoweka rula kwenye zile zilizochomoza juu ya nguzo, akakuta mm 10. Msikubali zege imwagwe kabla hamjapima. Mizani nayo haidanganyi: nondo ya mm 12 yenye urefu wa mita 12 ina kama kilo 10 na nusu, ya mm 10 haifiki hata kilo 8. Bati ni mchezo uleule, mnaandikiana geji 28 analeta geji 30, ambayo ni nyembamba zaidi japo namba ni kubwa.

Kibali cha ujenzi alichoonyesha, manispaa hawakitambui. Sasa simu yake haipatikani, na taarifa iko polisi.

Mkandarasi wa kweli yumo kwenye orodha ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), na mhandisi yumo kwenye ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB). Angalieni wenyewe, msitegemee kitambulisho anachoning'iniza shingoni. Vifaa nunueni wenyewe, fundi mlipeni kwa hatua: msingi, lenta, paa.

Kama tayari yuko kwako, asiguse ukuta wowote wa ndani mpaka mhandisi aliyesajiliwa aukague. Kama ameshavunja, hamisheni watoto leo hii, wasilale chini ya paa hilo.