TAHADHARI: Muuzaji wa iPad za kuchorea Kariakoo, anakujaribishia nzima na kukufungia nyingine

Ndugu zangu wachoraji, hasa ninyi ambao mmekuwa mkiniuliza kwa nini sijaonyesha hata mchoro mmoja tangu nilipotangaza kwamba hatimaye nanunua iPad, naandika haya kwa uchungu na kwa aibu. Nimetapeliwa shilingi 720,000. Fedha hizo zilikotoka mnajua, na mnajua ni miezi mingapi niliisubiri zamu yangu kwenye ule upatu, kwa hiyo sitalirudia hilo.

Tulikutana Jumamosi saa nne asubuhi, ghorofa ya kwanza ya jengo moja la maduka ya simu. Ni kijana nadhifu wa makamo ya miaka thelathini, shati jeupe lililonyooshwa vizuri, sauti ya upole. Alinipa shikamoo kabla sijamaliza ngazi, akanivutia stuli, akamtuma mtoto wa duka la jirani aniletee maji ya kunywa. Kisha akatandika kitambaa cheusi juu ya kaunta, akaweka iPad ya kizazi cha tisa, ile iliyotoka mwaka 2021, na pembeni yake kalamu nyeupe ya Apple. Akafungua Procreate, ile programu ya kuchorea, akanisogezea, akasema, "Jaribu mwenyewe, dada yangu, usinunue maneno yangu."

Nilichora kanga, yule ndege, kwa sababu ndiye ninayemchora kila ninapojaribu brashi mpya. Nilianza na mgongo. Nilipokandamiza, mstari ulinenepa, na nilipolegeza mkono ulikonda hadi ukawa mwembamba kama unywele. Nikafungua tabaka la pili, nikamtia madoa meupe moja baada ya jingine, nikalificha lile tabaka na kulirudisha, na kanga wangu akabaki palepale bila kuharibika. Nawaombeni mnielewe. Mimi nimechora kwa kidole kwenye simu yenye ufa kwa miaka mitatu, usiku, baada ya kufunga duka la dawa na kuwalaza watoto, na kila nikikosea jicho la mtu nafuta uso mzima. Kwa dakika zile ishirini nilisahau kabisa kwamba nimekaa mbele ya mtu nisiyemfahamu.

Naye alijua kuzungumza na mchoraji. Aliniuliza kama natumia rangi za maji au za kopo, nikamwambia nachora kwa rangi za kopo kwenye silingibodi. Akaanza kunisimulia habari za Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa uchoraji wa Tingatinga, jinsi alivyochora kwa rangi ya baiskeli kwenye vipande vya bodi na akafariki mwaka 1972 akiwa ameacha vijana aliowafundisha. Hayo yote ni kweli, ndiyo maana nilimwamini. Mtu anayeiheshimu kazi yetu kiasi hicho, nilijiambia, hawezi kuwa mwizi. Isitoshe, namba yake nilipewa na mwenzetu ambaye alinunua chaja kwake mwezi wa tatu na ikawa nzima. Simlaumu mwenzetu huyo hata kidogo.

Tukakubaliana bei, nikalipa kwa simu. Akasema kwa heshima aliyonipa atanibandikia protekta, ile ya kulinda kioo, bure, akachukua iPad na kalamu, akaingia nyuma ya pazia ambako, alivyodai, fundi wake anafanyia kazi mahali pasipo na vumbi. Alikaa huko dakika kama kumi. Aliporudi, iPad ilikuwa imezimwa, protekta imebandikwa vizuri, na vyote vimekwisha kuingizwa kwenye boksi na kuzungushiwa gundi ya karatasi. Akaniambia, "Dada, usiiwashe mpaka saa ishirini na nne zipite, gundi ya protekta ikipata joto kabla haijakauka povu litaingia chini ya kioo na hutaweza kuchora."

Hapo ndipo aliponipata. Mimi naishi na rangi isiyokauka. Najua kwamba rangi ya kopo ukiigusa kabla ya wakati wake unaiharibu kazi ya siku tatu, na nimewagombeza watoto wangu mara nyingi kwa kugusa ubao ulio dirishani. Aliponiambia gundi haijakauka, sikuona sababu ya kushuku. Nilimshukuru. Nililipakata lile boksi kwenye daladala hadi Kimara kama nimebeba mtoto mchanga.

Jumapili, muda ulipotimia, nilikuwa nimeshaondoa makopo yote mezani, nimepangusa meza, na binti yangu amekaa pembeni kusubiri. Ikawaka. Ikanisalimia kwa lugha mbalimbali, nikachagua lugha, nikaiunganisha na intaneti, halafu ukaja ukurasa unaosema kwamba iPad hii imefungwa kwa akaunti ya mwenyewe na unaotaka anwani yake na nywila yake. Anwani ilikuwa imefichwa kwa nukta, imebaki herufi ya kwanza tu, k. Kanga wangu hakuwemo. Binti akaniuliza, "Mama, mbona haifunguki?" nami sikuwa na la kumjibu. Nilipiga ile namba mara kumi na mbili, haikupatikana.

Jumatatu nilirudi na shemeji yangu. Mwenye duka akasema kijana yule alikodi kaunta kwa siku mbili tu, kwamba hamjui jina la pili wala anakoishi. Hivi kweli mtu anampa asiyemjua kaunta yake, pazia lake na jina la duka lake, kisha ananawa mikono? Fundi wa Magomeni aliyenikagulia alisema kufuli lile liko kwa Apple kwenyewe, ukifuta kila kitu linarudi, na bila nywila ya mwenyewe hakuna atakalofanya. Kalamu tuliijaribu kwenye iPad ya shemeji: ukandamize usikandamize, mstari ni uleule. Ni ya bandia. Ile niliyochorea kanga ilibaki nyuma ya pazia pamoja na iPad yake, na naamini hadi leo inatumika kuwavutia wengine.

Mama mmoja alikuwa ameshanilipa 50,000 za awali nimchoree maharusi kwa ajili ya kadi za mchango. Nimemrudishia. Hilo limeniuma kuliko zile 720,000, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza mtu asiye ndugu yangu kunilipa kwa mchoro wa kidijitali.

Nilipaswa kushtuka mapema. Nilipolipa, jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke, akasema ni laini ya mkewe. Duka halali huwa na Lipa Namba, yaani namba ya kupokelea malipo kwa jina la biashara. Risiti aliiandika kwa mkono, hakuwa na mashine ya EFD ya kutolea risiti za kielektroniki. Alisema kuna mteja wa Morogoro anaisubiri iPad hiyohiyo. Na zaidi ya yote, msikubali kifaa kitoke machoni mwenu baada ya kukijaribu: andikeni namba ya utambulisho inayoonekana kwenye mipangilio, mwambieni muuzaji akifute mbele yenu, mkifungue upya kwa akaunti zenu hapohapo kaunta. Akikataa, ondokeni.

Sitaki apigwe, na asitokee mtu wa kunishauri hivyo. Nataka akamatwe, asimame mahakamani, arudishe kila senti aliyoichukua kwa watu wanaojinyima ili wachore, na afungwe. Laini nchini husajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo huyo mwanamke ambaye jina lake lilitokea yupo na anaweza kupatikana, naye aeleze fedha zangu zilikwenda wapi. Mwenye duka pia ahojiwe, asiachwe aendelee kukodisha pazia lake kwa matapeli. Nimefungua jalada polisi na RB, yaani namba ya taarifa yangu, ninayo, na namba ya simu ya huyo kijana nimeituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Kama na wewe umetapeliwa hivi, usikae kimya kwa aibu kama nilivyokaa mimi siku tano nzima, siku ambazo huenda ameshamwibia mwingine. Njoo tuunganishe majalada yetu, tuwe mashahidi zaidi ya mmoja.

iPad yenyewe nimeikabidhi kituoni, kwa sababu nina hakika imeibwa kwa mtu, na mtu huyo naye anaitafuta. Ni ya kijivu, nyuma karibu na kamera ina mkwaruzo wenye umbo la V, na akaunti yake inaanza na herufi k. Kama ni yako, niandikie faraghani nikuelekeze kituo, uende na boksi lake lenye namba.